Mafuta ya Ndege si ya Kila Chombo

Siku moja nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu habari za injini, na mwanafunzi mmoja akainua mkono. Alitaka kujua kama pikipiki ya baba yake ikitiwa petroli ya ndege itakimbia kama ndege. Darasa zima liliangua kicheko, naye akaketi kwa haya. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba mbali na hapa, katika nchi za theluji, watu wazima wenye mali na elimu wameliuliza swali lile lile, wakajijibu kuwa naam, itakimbia, kisha wakaenda kuinunua kwa mapipa. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mwanafunzi yule na kwa ajili yako, msomaji. Nataka kukuonyesha kwamba jibu la watu wale lina kosa moja katika elimu ya injini, na kosa la pili, lililo kubwa kuliko la kwanza, katika wajibu wa mtu kwa jirani yake.

Kwanza yafaa ukifahamu chombo chenyewe, maana hapa kwetu hakipo. Sisi theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya, nayo hupungua mwaka hata mwaka. Lakini katika Kanada, katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, na katika Ufini, Uswidi na Norwei, theluji hufunika mashamba na njia kwa miezi mingi. Huko watu hutumia pikipiki ya theluji. Mbele haina gurudumu, bali ina mbao mbili za kuteleza ambazo mwendeshaji huzigeuza kwa usukani. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno. Injini huuzungusha mkanda huo, nao huisukuma mashine juu ya theluji pasipo kuzama.

Chombo hiki kilitokana na msiba. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, fundi mmoja wa Quebec, jina lake Joseph-Armand Bombardier, alifiwa na mwanawe wa miaka miwili. Mtoto aliugua, theluji ikafunga njia, na baba hakuwa na chombo cha kumfikisha hospitalini. Mwaka 1937 fundi huyo alipewa hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa mkanda na gurudumu la kuuendesha, akaanza kuunda magari makubwa ya theluji yaliyochukua madaktari, barua na watoto wa shule. Mwaka 1956, katika mji wa Roseau huko Minnesota, karakana ya Polaris nayo iliunda chombo chake cha kwanza cha theluji. Mwaka 1959 karakana ya Bombardier katika mji wa Valcourt ikatoa kile chombo kidogo chepesi kilichoitwa Ski-Doo. Tangu hapo mwindaji, mchungaji na tabibu wa kaskazini hawakufungwa tena na baridi kama zamani.

Lakini mwanadamu akishapata chombo cha kazi, hakawii kukifanya cha mchezo. Tangu mwaka 1964 mashindano makubwa ya vyombo hivi hufanyika Eagle River, katika jimbo la Wisconsin. Mashine za siku hizi za kupandia milima zaweza kuwa na nguvu za farasi zaidi ya 150. Sisemi kwamba mchezo ni dhambi. Nasema kwamba katika tamaa ya kumpita mwenziwe, mchezaji huanza kutafuta siri, na siri iliyovuma kuliko zote ni hii ya mafuta ya ndege. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Natutazame kama hii yaweza kustahimili pigo moja la ukweli.

Neno lenyewe, "mafuta ya ndege", linachanganya watu. Ndege kubwa zinazotua katika uwanja wa Jomo Kenyatta hazitumii petroli kabisa. Zinatumia mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa. Petroli ya ndege ni ya ndege ndogo zenye injini za pistoni, kama zile tunazoziona zikiruka kutoka uwanja wa Wilson kwenda mbugani. Aina yake iliyoenea Marekani ni ya rangi ya buluu, nayo huitwa 100LL. Herufi zile mbili zina maana ya risasi kidogo. Si risasi ya bunduki ninayoisema hapa, bali madini ya risasi yaliyoyeyushwa ndani ya petroli. Na neno "kidogo" lisikupumbaze. Ni kidogo kwa kulinganishwa na aina ya zamani, iliyoruhusiwa kuwa na risasi mara mbili yake. Hii iliyoitwa kidogo huruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 katika kila lita. Akipenda chongo huita kengeza.

Hoja ya kwanza ya wapenzi wa mafuta haya ni nguvu. Husema: namba ya okteni ya petroli ya ndege ni 100, na ya petroli njema ya barabarani huko kwao ni 91, basi iliyo na namba kubwa ndiyo yenye nguvu. Hoja hii ina makosa mawili. La kwanza ni la kipimo. Namba ya ndege na namba ya bomba la barabarani huko Marekani hazipimwi kwa njia moja, na mtu hawezi kulinganisha pishi na ratili. Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kutojua okteni ni kitu gani.

Sikiliza, msomaji, kwa kuwa jambo hili utaulizwa pia katika mtihani. Ndani ya silinda, pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Plagi hutoa cheche, na moto huenea kutoka kwenye plagi kwenda pembeni kwa utaratibu, ukiisukuma pistoni. Ikiwa petroli haiwezi kuvumilia mbano na joto, sehemu iliyoko pembeni hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Hapo utasikia mlio kama wa nyundo ndogo. Mafundi wetu husema injini inanoki. Kunoki kukizidi, pistoni hutoboka. Okteni ni kipimo cha uvumilivu huo tu. Wataalamu waliweka vimiminiko viwili kuwa mizani: heptani, isiyovumilia, ikapewa 0, na isooktani, yenye kuvumilia sana, ikapewa 100. Basi okteni si nguvu. Okteni ni kibali: humruhusu fundi kuunda injini yenye mbano mkubwa pasipo kuihofia. Nguvu hutoka katika mbano, hewa na moto. Kibali hakimfai asiyekuwa na safari.

Kwa sababu hiyo, mashine ambayo mwundaji wake ameandika kwamba itumie petroli ya okteni 91 ya bomba haipati nguvu hata ya mbu kwa kutiwa kitu chenye okteni kubwa zaidi. Joto lililomo katika kilo moja ya petroli ya ndege ni karibu sawa na lililomo katika kilo moja ya petroli ya kawaida. Tena, lita yake ni nyepesi kidogo kuliko lita ya petroli ya barabarani. Kabureta iliyorekebishwa kwa petroli nzito, ikipewa hii nyepesi, huipa injini chakula pungufu. Injini nyingi za vyombo hivi ni za mapigo mawili, na injini ya namna hiyo ikipewa petroli pungufu hupata joto la kupita kiasi hadi pistoni ikakwama. Mtu amelipa bei kubwa anunue ulinzi, na huenda amenunua hasara.

Zaidi ya hayo, kuna wapanda milima wanaodai kwamba huko juu kwenye hewa nyembamba ndiko hasa petroli ya ndege inakohitajiwa. Ukweli ni kinyume. Hewa ikiwa nyembamba, silinda hupata hewa chache, na mbano wake hulegea. Injini isiyo na mtambo wa kuisukumia hewa huhitaji okteni ndogo mlimani kuliko bondeni. Katika baadhi ya majimbo ya milima ya Marekani, vituo vimezoea kuuza petroli ya okteni 85 kwa sababu hiyo hiyo. Ndege ina haja yake, na chombo cha chini kina haja yake. Wahenga walisema kila chombo kwa wimbi lake. Nami naongeza, kila chombo kwa mafuta yake.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ni ghala, na hapa sitawadhulumu, kwa sababu wanalo neno la kweli. Pikipiki ya theluji hulala majira yote ya joto. Petroli ya barabarani ya Marekani mara nyingi huchanganywa na ethanoli, na ethanoli hunywa maji kutoka hewani. Maji yakizidi, hujitenga pamoja na ethanoli na kushuka chini ya tangi, mahali pale pale injini inapovuta. Petroli hiyo pia hupoteza sehemu zake nyepesi, ikaacha utando katika njia nyembamba za kabureta. Petroli ya ndege haina ethanoli, imetengenezwa kwa uangalifu, na ikifungwa vema hukaa mwaka mzima pasipo kuharibika. Haya yote ni kweli, nayakubali.

Lakini ukweli mmoja usifunike mwingine. Petroli ya ndege hukaa vizuri ghalani kwa sababu haina haraka ya kugeuka mvuke. Imefanywa hivyo kusudi isichemke ndani ya mabomba ndege inapopanda juu sana. Mvuke wake hauruhusiwi kupita kani ya kilopaskali 49 katika joto la nyuzi 38 hivi, hali petroli ya barabarani ya majira ya baridi yaweza kufika mara mbili ya hiyo. Kwa nini watengenezaji huiongezea petroli ya baridi wepesi wa kutoa mvuke? Ili injini iwake asubuhi ya barafu. Basi sifa ile inayoifanya petroli ya ndege idumu ghalani ndiyo inayoifanya iwe nzito kushika moto katika baridi kali. Wameazima mafuta ya angani wayatumie katika theluji, wakasahau kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Na dawa ya ghala ipo, tena ni rahisi. Katika miji mingi ya kaskazini huuzwa petroli isiyo na ethanoli. Zipo dawa za kuihifadhi petroli isiharibike upesi. Mwenye chombo aweza pia kununua kiasi cha kumtosha, akaimaliza kabla majira hayajaisha, na kuikausha kabureta kabla ya kukilaza chombo. Kazi hii ni ya saa moja. Anayekataa kazi ya saa moja na kuchagua sumu ya miaka mia hawezi kusema kwamba hakuwa na njia.

Nimetaja ghala, na sina budi kusema neno la hatari yake, kwa kuwa petroli iwe ya ndege au ya pikipiki haina urafiki na mzembe. Watu hudhani kwamba katika baridi kali petroli hulala. Hailali. Hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri petroli yaweza kutoa mvuke wa kushika moto. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji hata ukafika kwenye jiko au mtambo wa kupashia maji moto katika chumba cha pili. Hewa kavu ya majira ya baridi huzaa umeme wa msuguano kwa wepesi, na cheche ndogo usiyoiona yatosha. Kwa hiyo mtungi huwekwa chini ardhini kabla ya kujazwa, haujazwi ukiwa juu ya plastiki ndani ya gari, wala haujazwi hadi mdomoni. Petroli ya ndege inaongeza hatari nyingine juu ya hizo: risasi iliyoyeyushwa ndani yake hupenya ngozi. Fundi anayenawia mikono petroli ya buluu ili kuondoa grisi anajisafisha nje na kujichafua ndani.

Sasa nafika kwenye shina la hoja yangu. Risasi hii imetoka wapi? Mwezi wa Desemba mwaka 1921, katika maabara ya General Motors huko Dayton, Ohio, Thomas Midgley aligundua kwamba tetraethili ya risasi ikitiwa katika petroli huzuia kunoki. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Waliouza waliiita Ethyl, na neno risasi halikuonekana katika jina. Walakini kulificha jina hakukuificha sumu. Midgley mwenyewe aliugua kwa risasi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1924, katika mtambo wa Bayway huko New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa wakitengeneza kitu hicho walipatwa na wazimu wakafa. Hata hivyo biashara iliendelea, na kwa miaka mingi dunia ikavuta risasi.

Aliyefumbua macho ya dunia alikuwa Clair Patterson, mtaalamu wa California. Mwaka 1956 alitangaza umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.55, baada ya kupima risasi iliyomo katika vimondo. Katika kazi hiyo alisumbuliwa na jambo moja: risasi ilikuwa imejaa kila mahali, katika vumbi, katika maji, katika ngozi yake mwenyewe. Akaamua kuifuata asili yake, na safari yake, msomaji, ilimfikisha kwenye theluji. Katika Greenland theluji ya kila mwaka huifunika ya mwaka uliopita, kama kurasa za kitabu, na theluji ya zamani iko chini kabisa. Mwaka 1969 Patterson na wenzake walionyesha kwamba risasi katika theluji mpya ilikuwa imezidi ile ya miaka mia nane kabla ya Kristo kwa zaidi ya mara 200. Hakuna motokaa iliyokuwa ikipita juu ya barafu ile. Moshi ulitoka katika miji ya mbali, ukasafiri kwa upepo, ukatua mahali ambapo hapana mtu.

Ukurasa wa pili wa habari hiyo ni wa kufurahisha. Nchi zilipoanza kuiondoa risasi katika petroli, theluji ilijibu. Mwaka 1991 wataalamu walitangaza kwamba risasi katika theluji ya Greenland ilikuwa imepungua zaidi ya mara saba katika muda wa miaka 20. Theluji ni shahidi asiyenunuliwa: iliandika kosa letu, ikaandika na toba yetu. Basi wewe fikiri: ni busara gani inayomtuma mtu achukue sumu ambayo dunia imehangaika kuiondoa katika theluji, aende nayo yeye mwenyewe hadi kwenye theluji, akaimwage huko kwa ajili ya mchezo?

Hebu tufanye hesabu, maana hasira isiyo na hesabu ni kelele. Tangi la pikipiki ya theluji lililo na lita 40, likijazwa petroli ya ndege yenye risasi ya kiwango cha juu, lina gramu 22 na nusu hivi za risasi. Tuseme mtu ameijaza mashine yake mara 20 katika majira moja. Amechoma karibu gramu 450, yaani kiasi kisichopungukiwa sana na nusu kilo. Akiichanganya nusu kwa nusu na petroli ya kawaida, kama wengi wafanyavyo, bado ni zaidi ya gramu 220. Sasa kumbuka kwamba risasi katika damu ya mtoto hupimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto unaokua, ikampunguzia akili na uwezo wa kutulia darasani. Nami ni mwalimu. Sijui wizi ulio mbaya kuliko wa kumwibia mtoto akili yake kabla hajajua kusoma.

Risasi haiozi. Haitafunwi na wadudu wala haiyeyuki ikaisha. Sehemu ya moshi huanguka kando ya njia. Majira ya joto yakija, theluji huyeyuka, na maji huyachukua yaliyomo hadi katika udongo na vijito. Mwaka wa pili huongezeka nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki atakinywa mtu ambaye hata hajawahi kupanda mashine hiyo.

Hapa wapinzani wangu huinuka na kusema: "Mbona unatusakama sisi wachache? Ndege huchoma risasi nyingi kuliko sisi. Waendee wao kwanza." Nawajibu kwamba ndege nazo zinaendewa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023, idara ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira ilitoa uamuzi kwamba risasi itokayo katika ndege za pistoni inahatarisha afya ya watu, na kwamba ndege hizo hutoa karibu asilimia 70 ya risasi inayoingia katika hewa ya nchi hiyo. Mwaka 2022 petroli ya ndege ya okteni 100 isiyo na risasi ilipata idhini ya idara ya urukaji, na ingawa kuenea kwake kumekuwa na mabishano, serikali na wenye ndege wamejiwekea lengo la kuacha risasi kabisa ifikapo mwisho wa mwaka 2030. Zaidi ya hapo, rubani anao udhuru ambao mchezaji hana. Injini ikinoki hadi kufa angani, rubani na abiria wake wanaweza kufa nayo. Ndiyo sababu hubadilisha mafuta kwa hadhari. Mchezaji, mashine yake ikimfia, atashuka na kutembea. Udhuru wa mwenye haja hauazimwi na mwenye anasa.

Wengine husema kwa unyofu zaidi: "Mashine yangu ni ya mashindano. Nimeifunga mtambo wa kuisukumia hewa, na petroli ya bomba haiiwezi." Huyu namsikiliza, maana amejua okteni ni nini. Mashine yake kweli inataka kibali kikubwa. Lakini zipo petroli za mashindano zenye okteni 100 zisizo na risasi hata chembe. Ikiwa anaona bei yake ni kubwa, basi na apunguze mbano wa injini yake. Haifai kununua ushindi kwa bei nafuu, kisha deni lililobaki akawaachia watoto wa kijiji kilicho chini ya mlima. Tena risasi yenyewe haimsaidii kwa uaminifu: hujishika katika plagi ikazichafua, na katika mashine zenye kifaa cha kupima oksijeni ya moshi, hukiua kifaa hicho.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba haya ni ya watu wa mbali, wenye baridi yao na mashine zao. Yatuhusu nini sisi tulio kwenye ikweta? Yatuhusu kwa sababu vita vya kuiondoa risasi katika petroli ya magari vina historia hapa kwetu. Petroli ya magari ya Kenya ilikuwa na risasi mpaka miaka ya kwanza ya karne hii. Kufikia Januari mwaka 2006, nchi zote za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Aljeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliacha kuiuza mwezi wa Julai mwaka 2021. Na tarehe 30 Agosti mwaka huo, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu hapa Nairobi, lilitangaza kwamba petroli ya risasi ya magari imekwisha duniani. Ilichukua karibu miaka 100 tangu ilipoanza kuuzwa Dayton. Nchi maskini zilizokuwa na mitambo mikuukuu ziliweza kuiacha. Tajiri wa kuchezea theluji atashindwaje?

Yatuhusu pia kwa sababu fikira iliyo nyuma ya kosa hili iko miongoni mwetu. Ni fikira ya kwamba kilicho ghali ni bora, kilicho kikali chafaa, na kilichofanywa kwa ajili ya mkubwa kitamkuza mdogo. Kwa fikira hiyo mgonjwa wa mafua hutaka sindano kali, mkulima humwagia shamba dawa mara mbili ya kipimo, na kijana huweka katika pikipiki kitu alichosikia kinatiwa katika ndege. Wote hawa hawakuuliza maswali mawili ambayo elimu yote ya sayansi imejengwa juu yake: kitu hiki kinafanyaje kazi, na kikishafanya kazi, masalio yake yanakwenda wapi?

Kipindi kilipokwisha siku ile, nilimwita mwanafunzi yule mbele nikamjibu. Nilimwambia kwamba pikipiki ya baba yake haitakimbia kama ndege. Huenda ikakimbia vibaya kuliko jana, na kila mtu aliye nyuma yake atavuta risasi. Kisha nikawauliza waliocheka ni nani kati yao aliyekuwa akijua jambo hilo. Hakuna aliyeinua mkono. Nikawaambia kwamba mwenzao aliuliza, na wao hawakuuliza, na katika chumba kile ni yeye peke yake aliyefanya kazi ya mwanafunzi.

Joseph-Armand Bombardier aliunda chombo ili mtoto wa mtu mwingine asife kwa kukosa njia katika theluji. Akipanda mtu leo chombo cha ukoo huo, na apande kwa furaha, na ashindane akitaka. Lakini mafuta atakayotia yasiwe ya kumdhuru mtoto yule yule ambaye chombo kilibuniwa ili kumwokoa.